Muulize Mjomba: "Mi sijui kodi, nitachangia nini?"

Toleo lililopita nilitupia mstari mmoja tu, nikasema kwenye programu huria, zile ambazo kodi yake iko wazi na yeyote anaisoma, anaitumia, anairekebisha, kazi inayokosa watu siyo kodi yenyewe, ni maelezo ya namna ya kutumia hicho kitu, yaani dokumentesheni. (Nikisema kodi namaanisha maandishi yanayoiambia kompyuta ifanye nini, siyo ya mwenye nyumba, hiyo kila mtu anaijua tarehe yake.) Basi meseji zikaja mpaka simu ikawa ya moto, wengine wananipongeza, wengine wanaona mjomba kaishiwa mada. Nimechukua chache, nimenyoosha herufi kidogo, majina nimeyaacha nyumbani.

SWALI: Shikamoo mjomba. Nasoma diploma ya IT mwaka wa pili, naishi Mbagala Rangi Tatu. Niliingia kwenye projekti moja ya programu huria nikauliza nisaidie nini, jamaa mmoja akanijibu anza na dokumentesheni. Mjomba niseme ukweli niliumia, niliona kama wenzangu wanapewa funguo za gari mi napewa ufagio. Kwani hii kazi si ya wale wasiojua? Na kama kweli sijui, nitaandikaje kitu nisichokijua?

MJOMBA: Marahaba mwanangu. Pole kwanza. Halafu lile swali lako la mwisho ulilolitupa mkiani kama halina maana, hilo ndo la kwanza kwangu, maana huko kutojua kwako ndo mtaji wenyewe, na ni mtaji unaoisha haraka kama bando la usiku.

Chukua mgeni katoka Songea leo asubuhi, anaenda Tabata. Mwenyeji wake anamwambia kwenye simu, panda gari za Tabata, shuka Dampo. Mgeni anakaa dirishani anatafuta dampo, anavuta na pua labda atapata harufu, hamna kitu, kwa sababu dampo lenyewe lilishafungwa miaka mingi limebaki jina la kituo. Mwenyeji hajadanganya wala hana roho mbaya, ila kapita pale mara elfu mpaka haoni tena kwamba jina na kitu vimeachana. Sasa anayetengeneza programu ndo huyo mwenyeji wa Tabata. Kaandika "andaa mazingira kisha endesha", yeye kwenye mashine yake vitu sita vilishawekwa tangu mwaka juzi, kavisahau. Aliyepitilizwa mpaka Segerea ni wewe, kwa hiyo unayejua ni kituo gani kilitakiwa kuandikwa ni wewe. Na wiki mbili baadaye, ukishazoea, na wewe utaanza kuwaambia watu shuka Dampo. Ndo maana nasema andika siku hiyohiyo umekwama, hasira zikiwa bado za moto.

Na hayo siyo mawazo yangu peke yangu. Mwaka 2017 GitHub, pale projekti nyingi za aina hii zinapotunzwa, waliuliza watu kama 5,500 wanaoshughulika na programu huria, 93% wakasema maelezo pungufu au yanayochanganya ni tatizo, halafu 60% ya wachangiaji wakasema wao hawaandiki maelezo, au wanaandika kwa nadra sana. Mtaa mzima unalia mtaro umeziba na koleo limeegeshwa ukutani.

Kuhusu ufagio sasa. Unix, mfumo wa zamani wa kuendeshea kompyuta, ambayo ndo bibi wa Linux na kwa njia hiyo hata wa Android iliyo mfukoni mwako, kitabu chake cha kwanza cha maelezo kina tarehe ya Novemba 3, 1971, na walioandika ni Ken Thompson na Dennis Ritchie, walewale waliojenga mfumo wenyewe. Tena walikuwa na tabia ninayoipenda sana, kwenye maelezo ya amri wanaweka sehemu inaitwa BUGS, wanakiri kwa mkono wao kwamba hapa amri yetu ina kasoro hii na hii. Fundi gani wa hapa mjini anakupa simu yako na karatasi ya makosa yake? Na Django, ile ya kutengenezea tovuti kwa lugha ya programu inayoitwa Python, Django yenyewe ilitoka 2005, ukiwaletea kitu kipya bila maelezo yake hawakipokei, hata kodi yako iwe tamu namna gani. Ufagio uko wapi hapo.

Ngoja nikupe na aibu yangu. Miaka ya nyuma nilikuwa naangalia kompyuta za studio moja ya picha hapa town, nikataka picha za wateja ziwe zinanakiliwa kila usiku kwenda diski ya nje, nikakuta mwongozo mfupi wa mtu fulani unaonesha kufanya hivyo kwa rsync, programu ya kunakili mafaili, amri moja na maneno matatu chini yake, nikainakili kama ilivyo nikalala. Sasa kwenye rsync ile alama ya mkwaju (/) mwishoni mwa folda unakotoa vitu inabadilisha maana yote, bila mkwaju inapeleka folda yenyewe na jina lake, ukiweka mkwaju inapeleka vilivyomo ndani tu, na ukiongeza --delete basi kule unakopeleka inafuta chochote ambacho hakipo kule unakotoa. Ile diski ilikuwa na vitu vingine. Harusi nne hazijakabidhiwa! Asubuhi nafika nakuta mwenye studio kakaa kimya anaangalia ukuta, na mwanaume akikaa kimya hivyo asubuhi usimsalimie kwanza. Tuliokoa harusi mbili.

Maelezo rasmi ya rsync yanalisema vizuri kabisa hilo la mkwaju, mi sikuyasoma, kosa langu. Na yule bwana wa mwongozo mfupi alikuwa analijua mpaka hakuona haja ya kulitaja. Nilipomaliza kulia nikamtumia sentensi mbili za tahadhari, akaziweka juu ya ile amri siku hiyohiyo. Huo ndo mchango wangu wa kwanza kwenye programu huria, sentensi mbili, na mpaka kesho najivunia kuliko kodi yoyote niliyowahi kuandika.

Sasa we fanya hivi. Chukua programu unayoitumia kweli, usitafute yenye jina kubwa ili uonekane. Azima laptopu ya mtu ambayo haijawahi kuiona hiyo programu, fuata maelezo neno kwa neno kama huna akili yako, usiruke, usikisie, na kila ulipokwama andika kwenye daftari umekwama wapi, ulitegemea nini, kimetokea nini na umetokaje. Kabla ya kutuma soma faili linaitwa CONTRIBUTING, ndo wanakuambia nyumba yao inataka viatu vivuliwe mlangoni au unaingia navyo, wengine watataka uweke sahihi ya DCO kwamba ulichotuma una haki ya kukitoa, utaratibu ulioanzia kwa watu wa Linux mwaka 2004. Ukitoka hapo fungua ukurasa wenyewe kwenye GitHub, kuna alama ya penseli, gonga, rekebisha, na yenyewe inakutengenezea nakala yako halafu inakuongoza kutuma ombi, wanaita puli rikwesti au PR. Git, ile programu inayotunza historia ya mabadiliko ya kodi, huhitaji hata kuiweka kwenye mashine. Hata simu inatosha kwa marekebisho madogo, macho tu ndo yatakulaumu. Ukitaka kushusha projekti nzima tumia git clone --depth 1, inakuletea hali ya sasa bila historia ya miaka yote, utaokoa bando.

Kitu kimoja cha mwisho kwako, usichanganye aina za maelezo kwenye ukurasa mmoja. Kuna bwana anaitwa Daniele Procida kazigawa nne na mpango wake anauita Diátaxis, mi huwa nazikumbuka kwa bodaboda. Kumfundisha mtu kuendesha kwa mara ya kwanza uwanjani ni kitu kimoja, kumwelekeza anayejua kuendesha afike Goba ni kingine, kitabu cha vipuri na namba zake ni cha tatu, na kumueleza kwanini injini inachemka ni cha nne. Anayejifunza breki usimpe kitabu cha vipuri. Basi.

SWALI: Mambo mjomba, niko Sinza. Nilituma PR kurekebisha README, lile faili la maelezo ya mwanzo, ya projekti moja, wiki tatu kimya. Wiki ya nne jamaa kaja kaandika "nit" na mstari mmoja wa kurekebisha, hamna salamu hamna asante. Nikaifunga nikasepa. Nilikosea? Na hiyo nit ni tusi?

MJOMBA: Poa. Siyo tusi. Nit kwa Kiingereza ni yai la chawa, wanamaanisha kazi ya kumtoa mtu chawa kichwani, yaani kasoro ndogo ndogo ambazo hazizuii kitu, mara nyingi mtu akikuandikia hivyo maana yake kazi yako kaikubali na anachokoa vilivyobaki. (Chawa wa kweli, siyo hawa wa wasanii.) Kwa hiyo ndiyo, ulikosea, ulisepa gari inaingia kituoni. Ifungue tena, kama ni PR yako na tawi, yaani ile nakala yenye mabadiliko yako, hujalifuta kitufe cha kuifungua bado kipo.

La salamu nakuelewa. Sisi mtu akikuingilia bila hata "habari za saa hizi" unaona kakudharau, lakini wale wengi wao wameamka saa kumi na moja kabla ya kazini kwao, wana maombi 80 mbele yao na hawalipwi kama wewe usivyolipwa. Andika sentensi moja ya heshima kila baada ya wiki mbili, "naomba kuulizia hili kama kuna cha kurekebisha", na usiandike kila siku.

Na kuna historia hapo ambayo huenda huijui, inayofanya watu wakiona PR ya README kutoka kwa mgeni wakunje uso. Kuna kampuni inaitwa DigitalOcean ilianzisha mwaka 2014 kitu kinaitwa Hacktoberfest, kila Oktoba ukituma PR za kutosha, mwaka 2020 zilikuwa nne, ulikuwa unapata fulana. Ikaenda vizuri, mpaka 2020, ikasambaa video inaonesha jinsi ya kutuma PR kirahisi kwa kubadilisha README, ndani ya siku chache projekti za watu zikafurika, mtu anafungua README ya wenyewe anaongeza maneno kama "projekti nzuri sana" juu yake anatuma, mwingine anaongeza nafasi, mwingine anaondoa nukta, maelfu kwa maelfu, yote kwa ajili ya fulana. Wenye projekti walichoka mpaka mwanzoni mwa mwezi huohuo waandaaji wakabadili sheria, projekti isiyojiandikisha yenyewe haihesabiwi. Sasa ukituma PR yako ya maelezo unapanga foleni nyuma ya kivuli cha zile fulana, ndugu yangu. Dawa yake ni moja, kwenye ombi lako andika ulikuwa unafanya nini mpaka ukaliona tatizo. "Nilikuwa naweka kwenye Ubuntu, hatua ya 4 ikagoma na ujumbe huu." Mtaka fulana hawezi kuandika hiyo sentensi. Na PR moja iwe na jambo moja, ukibadilisha README nzima kwa sababu hupendi Kiingereza chao hata mimi ningekaa kimya wiki tatu.

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi ni mama naishi Kinyerezi. Mwanangu wa kiume ana miaka 22, kamaliza chuo, usiku kucha yuko kwenye laptopu anasema anaandika maelezo ya programu ya watu wa nje. Nikimuuliza unalipwa shilingi ngapi anasema ni kujitolea. Umeme wangu, bando langu, chakula changu, wazungu wanafaidi. Huu siyo utapeli kweli?

MJOMBA: Nzuri dada yangu, na hongera kwa kuuliza kabla ya kuzima umeme. Sitakudanganya. Wengi wanaojitolea hivyo hawaji kulipwa kwa kazi hiyo, na ni kweli yapo makampuni makubwa yanatumia hizo programu bure na maelezo yake bure, leseni inaruhusu. Kwa hiyo hasira yako ina mahali pa kukaa.

Ila utapeli una alama zake. Ukisikia wamemwomba atume hela ya usajili, hela ya cheti, sijui hela ya kufungua akaunti ya malipo, hapo hata usimalizie kusoma hili jibu, mnyang'anye laptopu. Programu huria ya kweli haimwombi mchangiaji hata jero. Na kitu cha pili mwambie akuoneshe kazi yake. Iko hadharani, ina jina lake na tarehe, haiwezi kufichwa, na hiyo ndo tofauti na zile "field" wanazofanya vijana wetu miezi mitatu wanapiga fotokopi halafu wanatoka na barua ya mstari mmoja. Mwenye kutafuta mtu anayeweza kueleza kitu kigumu kwa lugha nyepesi anafungua anaona mwenyewe, hamna haja ya kumjua mjomba wa mtu.

Tena zipo njia zenye posho. Kuna Outreachy, inayochukua watu kutoka nchi nyingi kwa miezi mitatu kwenye projekti za programu huria, zikiwemo kazi za maelezo, na posho yake miaka ya karibuni imekuwa dola 7,000 za Marekani. Kuingia ni kwa ushindani na wanaangalia michango uliyoifanya wakati wa kuomba, ndo hapo hizi usiku kucha zake zinapopata maana. Simuahidi kitu. Lakini dada yangu kaa naye mpange, masaa mangapi kwa wiki na mpaka mwezi gani, kazi ya kujitolea isiyo na kikomo hata msikitini au kanisani inachosha watu, na ajue kwamba kusema "wiki hii siwezi" kwenye hizi projekti siyo kosa, hakuna aliyemsainisha mkataba. Umeme mgawane.

SWALI: Ndugu mjomba, mimi ni mwalimu wa kompyuta sekondari moja Kigamboni. Naona tunahimiza vijana wanyooshe Kiingereza cha watu wakati kwetu hakuna maelezo ya Kiswahili. Likizo hii nataka nitafsiri mwongozo mzima wa LibreOffice, ile programu huria ya kazi za ofisi. Naanzia wapi?

MJOMBA: Mwalimu, moyo wako naupenda, ila nakuomba usianze na mzima.

Hii ndoto siyo mpya na mlipo mnaweza kuiona ng'ambo ya maji. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden wanaitwa IT+46, kulikuwa na mradi wa Kilinux, na mwaka 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, yaani ofisi nzima ya kompyuta, menyu zake na vitufe vyake, kwa Kiswahili. Watu walikaa chini wakatunga maneno, na hiyo ndo kazi yenyewe, kutafsiri sentensi ni rahisi kuliko kukubaliana neno. Halafu 2010 sehemu kubwa ya waliokuwa wanaijenga OpenOffice wakajitenga wakaanzisha LibreOffice, hii unayofundishia, na hii inatoa toleo kubwa karibu kila miezi sita. Sasa piga hesabu, we una likizo ya mwezi, mwongozo una mamia ya kurasa, ukifika sura ya tisa sura ya kwanza picha zake zimeshabadilika. Tafsiri ni kama mpangaji, mwenye nyumba akivunja ukuta we unashtukia vumbi.

Ningekuwa wewe ningeanza na kile watoto na walimu wenzako wanachokifanya kweli. Namna ya kupata jumla, wastani na nafasi ya mwanafunzi kwenye Calc, ile sehemu ya LibreOffice ya majedwali ya hesabu. Kurasa nne. Hiyo hata LibreOffice wakibadilisha rangi ya vitufe itaishi, na kesho mwalimu wa Mkuranga atakuombea dua siku ya kujaza matokeo. Vitabu vyao vina leseni ya Creative Commons ya kutaja chanzo, kwa hiyo ukichukua sehemu ukaifanya ya Kiswahili huibi, taja tu ulikotoa.

Kabla ya sentensi ya kwanza fungua karatasi ya maneno. Paswedi utaiita nywila au nenosiri? Faili liko kwenye folda au kabrasha? Mi sina shida na neno lolote, nina shida na mtu anayeanza na nywila ukurasa wa kwanza, anaendelea na nenosiri wa tatu, anamaliza na paswedi, msomaji anadhani ni vitu vitatu tofauti. (Tarakilishi naomba uiache, sijawahi kusikia mtu Kariakoo anauliza bei ya tarakilishi.) Chagua neno, andika maana yake, ng'ang'ania hilohilo, halafu mpe mtoto wa form two asome kwa sauti, akisitasita hapo ndo pa kurekebisha, siyo yeye.

Na hilo la kukubaliana maneno siyo urembo. Unakumbuka Ramani Huria, iliyoanza 2015, wanafunzi wa Ardhi na wa Mlimani pamoja na watu wa mitaani wakapita kwenye kata zinazofurika wakiweka nyumba, njia na mitaro kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Kwenye ramani ile mtaro uliojengewa kwa zege una jina lake na mtaro wa kuchimba tu kwenye udongo una jina lake lingine, na tofauti hiyo imeandikwa kwenye kurasa za maelezo ambazo nazo zimeandikwa na watu wa kujitolea. Mmoja wa Tandale akiita hivi na mwenzake wa Msasani akiita vile, aliyekaa ofisini anapanga maji ya mvua yapite wapi atapanga vibaya. Aliyeandika ule ukurasa wa mitaro huenda hata Dar hajawahi kufika.

Halafu chunga sana neno "tu". Sisi walimu na mafundi tunalipenda, "bonyeza tu hapo", "weka tu namba yako". Msomaji aliyebonyeza na haikukubali, hilo "tu" linamwambia mjinga ni wewe. Lifute kila unapolikuta. (Najua, nimelitumia kwenye ukurasa huu mara nyingi, mi naruhusiwa, nimezeeka.)

SWALI: Mjomba habari, Kijitonyama hapa. Siku hizi si unaiambia AI ikuandikie maelezo yote kwa dakika moja? Kuna haja gani ya hayo yote unayotuambia?

MJOMBA: Inaandika vizuri, hata mimi huwa naitumia kuninyooshea Kiingereza changu cha kuungaunga. Tatizo inaweza kukuandikia amri ambayo haipo, kwa ujasiri uleule wa amri ambayo ipo. Ile sentensi ya "nilifuata hatua ya 4 ikagoma" haiwezi kuiandika kwa ukweli, haijafuata hatua yoyote, haina laptopu ya kuazima. Na soma sheria za projekti kwanza, Gentoo, wanaotengeneza aina moja ya Linux, walipiga marufuku michango iliyotengenezwa na AI mwezi wa nne 2024, NetBSD, mfumo mwingine wa ukoo wa Unix, nao mwezi uliofuata wakaweka zuio lao. Penye ruhusa, kila amri uliyoiweka uwe umeiendesha kwa mkono wako na kuona ilichotoa. Kama hujaiendesha usiitume.

SWALI: Shikamoo mjomba, mi niko Temeke. Swali langu dogo mpaka naona aibu. Nimeona kwenye maelezo ya programu moja wameandika unahitaji Python 3.8, wakati nilivyojaribu inakataa kabisa mpaka uwe na 3.9. Ni namba moja tu. Nitume au nitachekwa?

MJOMBA: Marahaba. Tuma leo. Ila kabla hujatuma tafuta hiyo 3.8 kwenye projekti nzima, namba za toleo huwa hazikai peke yake, utaikuta na kwenye ukurasa wa kuweka programu, pengine na kwenye README, zibadilishe zote pamoja kwenye PR moja. Bandika na ule ujumbe wa kukataa ulioupata, kama ulivyotoka, usiufupishe. Na usianze na "samahani kwa usumbufu".